Papa Jaune na Chupa Zake za Njano

Ukifika Bunia ukaniulizia kwa jina langu la ubatizo, Josaphat, watu watakutazama tu. Zamani ulitakiwa kumuulizia Papa Jaune. Mwendesha pikipiki yeyote wa mtaa wetu wa Nyakasanza angekuleta mpaka mlangoni kwangu, na njiani angekusimulia jinsi nilivyomrudisha shangazi yake kutoka kaburini. Jaune ni njano kwa Kifaransa, na njano ndiyo iliyonipa jina, kiti cha mbele kanisani, na kichwa kikubwa. Hicho kichwa ndicho ninachotaka kukisimulia.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi miaka ishirini na sita, kumi na minne kati ya hiyo katika chumba cha wagonjwa mahututi cha hospitali moja ambayo sitaitaja, maana yenyewe haina kosa. Aliyekosa ni mimi. Chumba chetu kina vitanda sita, mashine mbili za oksijeni zinazopokezana kuharibika, na dirisha moja kubwa linalotazama uani. Huko uani ndiko jamaa za wagonjwa wanakopika, wanakofua na wanakoomba, na kutoka huko walikuwa wananiangalia mimi. Wengine hupata sifa kwenye uwanja wa mpira. Mimi nilikuwa na lile dirisha.

Nieleze kwanza. Serumu ni yale maji ya chupa tunayoyatundika juu ya mgonjwa, yakaingia mshipani tone kwa tone. Yenyewe hayana rangi, na jamaa hawayaamini. Wakiona chupa nyeupe wanasema mtu wao anapewa maji. Lakini ukivunja shingo ya ampule moja ya vitamini B mchanganyiko, kichupa cha kioo chenye mililita mbili tu, ukaitia ndani ya ile chupa, chupa nzima inageuka njano ya kung'aa, na jamaa wanashusha pumzi. Hiyo sasa ni serumu ya nguvu. Mtu akitoka hospitalini bila kuipata, hata akiwa amepona, nyumbani wanasema hakutibiwa.

Na mimi nilikuwa bingwa wake. Niliitikisa chupa, nikaiinua kwenye mwanga, nikaigonga kwa kidole mara mbili bila sababu yoyote ya kitabibu, kisha nikaitundika upande wa dirisha ili jua liipige na uani wote waione. Baadaye nilikuja kujua kwamba mwanga unaharibu baadhi ya vitamini, na kwamba chupa hizo inafaa zifunikwe. Kwa hiyo miaka kumi na minne nilikuwa nawaonyesha watu dawa huku naiua, nao wananishukuru.

Mwaka jana, wakati wa mvua, barabara zilikuwa mbaya na malori ya dawa yakachelewa. Ampule zikapungua. Daktari wetu, Arielle, mwanamke kijana aliyesomea Kisangani na asiyependa maneno mengi, akaagiza kwamba zilizobaki wapewe wanaozihitaji zaidi, kila mmoja ampule nzima kwa siku, na wengine wangoje. Ni amri nyepesi kwa anayeiandika. Mimi ndiye niliyekuwa natundika. Siku ya kwanza kitanda cha pili kilikuwa cha njano na cha tatu kilikuwa cheupe, na mama wa yule kijana wa kitanda cha tatu akaketi chini mlangoni akilia kwamba mtoto wake ametupwa. Wa kitanda cha nne hawakulia. Waliuliza tu kwa sauti ya chini kama ni kwa sababu ya kabila lao. Hapa Bunia swali hilo likishaulizwa, huwezi kulijibu kwa maneno.

Hapo akili yangu ikafanya kazi, ingawa hakuna aliyeiomba. Ile rangi ni kali sana. Nilijaribu robo ya ampule katika chupa moja, na chupa ikawa njano vizuri kabisa. Basi nikawa navunja ampule moja na kuigawa kwa vitanda vinne. Amani ikarudi. Mama wa kitanda cha tatu akanibariki mpaka kizazi cha nne. Na kwenye fiche ya kila mgonjwa, ile karatasi inayoning'inia miguuni mwa kitanda, nikaandika kwamba vitamini imetolewa, nikatia sahihi yangu yenye mkia mrefu.

Sikujiona mwongo, nilijiona mpatanishi. Hata nilijifananisha moyoni na ile habari ya mikate mitano na samaki wawili, nikasahau kwamba watu wale walikula wakashiba. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilikuwa nimesifiwa miaka kumi na minne mfululizo.

Katika kitanda cha tano alilazwa Pétronille. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, kutoka kijiji kimoja cha Djugu. Vita vilimleta Bunia na watoto watatu na kichwa cha cherehani, ambacho alikibeba mgongoni mahali ambapo wengine walibeba sufuria. Mume wake, Élisée, alikuwa mkulima asiye na shamba tena. Sasa alibeba magunia sokoni. Katika kambi ya wakimbizi walikula walichopata, na mara nyingi Pétronille aliwaachia watoto. Kisha homa ya matumbo ikamtapisha wiki mbili na mwisho ikamtoboa utumbo. Madaktari wa upasuaji walimshona vizuri, na hilo yeye mwenyewe angelisifu kama angeliona. Lakini hakuweza kula kwa mdomo, akawa anaishi kwa serumu ya sukari. Dokta Arielle aliandika kwamba huyu apewe ampule nzima kila siku, bila kukosa.

Nilimpa robo. Siku kumi na moja.

Élisée alinipenda kuliko wote. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye magunia alisimama uani, akatazama dirishani, akiona njano anavua kofia. Mimi nilimwitikia kwa mkono, kama askofu.

Siku ya kumi na mbili, nilipokuja kumgeuza, Pétronille aliniambia ametoka sokoni Bogoro sasa hivi, amenunua samaki, nimpokee mzigo. Nilicheka. Kisha nikaona macho yake: yalikuwa yanarukaruka upande huu na upande ule, hayatulii mahali. Nilipomketisha aliyumba. Élisée akaingia, akamsalimia, naye Pétronille akamtazama kwa heshima na kumuuliza yeye ni mume wa nani. Élisée alidhani ni utani, akacheka kidogo. Alipomwona hacheki akashika nguzo ya kitanda.

Dokta Arielle alimpima kila kitu tulichoweza kupima. Malaria hapana, homa hapana, shingo haikuwa ngumu, sukari ilikuwa sawa. Nilisimama nyuma yake nikishika sinia ya vyombo. Aliisoma fiche mara mbili, kisha akanigeukia.

"Kama haingekuwa hii fiche, ningesema ni vitamini B1," alisema kwa Kiswahili chetu, ambamo ndiye na ndiyo huwa njo. "Mutu hayakula wiki mingi, anapewa sukari tu, macho inacheza, akili inapotea. Lakini yeye anapata vitamini kila siku. Njo weye unasaini."

Nikasema ndiyo, dokta. Sauti ilitoka vizuri kabisa, na mpaka leo inanishangaza. Akaiacha njia hiyo, akaanza kufikiria ugonjwa wa ubongo ambao Bunia hatuna mashine ya kuuona, akasema atampigia mwalimu wake wa Kisangani simu mchana.

Uani nako walikuwa wanafikiria. Watu wa kanisa la Élisée walikwisha kuamua kwamba huu si ugonjwa wa hospitali. Mchana huohuo wangekuja na pikipiki mbili wamchukue Pétronille mpaka chumba cha maombi, na huko afungiwe pamoja nao siku tatu bila chakula wala maji, mpaka kilichomwingia kitoke. Élisée alinieleza hayo kwa upole, akaniomba nikiondoa ule mpira wa serumu nisimuumize.

Sasa sikilizeni mwanaume wa miaka hamsini na mmoja alifanya nini. Nilikwenda stoo. Nilivunja ampule mbili nzima, nikazitia zote katika chupa ya sukari ya Pétronille, nikaitundika. Nilitaka kulipa deni lote kimyakimya kabla mtu hajajua kwamba lilikuwepo. Chupa haijawahi kung'aa vile. Élisée, masikini, alivua kofia. Pétronille aliitazama chupa kwa macho yake yanayoruka, akaniuliza kama samaki wameshatolewa matumbo.

Ninasema wazi: niliogopa. Kufukuzwa kazi sikukuogopa sana, maana wauguzi hapa ni wachache na mishahara ni michache zaidi. Niliogopa kutembea Nyakasanza nikiwa Josaphat tu. Nilirudi stoo, nikasimama nikiwaza kwamba pengine dokta atagundua mwenyewe, pengine mwalimu wa Kisangani ataotea, pengine Mungu atapita njia nyingine isiyopita kwangu. Kisha nikasikia pikipiki uani. Haikuwa ya watu wa kanisa, ilikuwa ya mtu wa mkaa, lakini miguu yangu ilikuwa imekwisha kuondoka. Mficha uchi hazai, nasi huku tulikuwa tunakaribia kuzika.

Dokta Arielle alikuwa na simu mkononi. Nilimwambia sahihi yangu ni ya uongo. Nikamweleza robo, rangi, vitanda vinne, siku kumi na moja. Hakupaza sauti. Aliniuliza kitu kimoja tu, kama sukari ilikuwa inaingia siku zote hizo, nikasema ndiyo, na leo nimetundika chupa nyingine. Akaweka simu chini, akainuka.

Tukitembea kwenye korido alinifundisha nilichopaswa kukijua tangu shuleni. Mwili ukipewa sukari unahitaji B1 ili kuitumia, kama mkaa unavyohitaji hewa. Sisi tulimjazia mkaa tukafunga madirisha, na kile kidogo cha B1 alichobakiwa nacho sukari ikakimaliza. Katika ampule ya njano B1 imo, lakini ni kidogo sana kwa mtu aliyefika alipofika Pétronille. Na ile rangi, akasema bila kunitazama, inatoka kwa B2. B1 haina rangi. Nilihesabu moyoni miaka yangu kumi na minne ya kugonga chupa kwa kidole.

B1 yenyewe ilikuwepo katika kabati la dharura, boksi zima. Ilikuwepo kwa sababu hakuna jamaa wa mgonjwa aliyewahi kuiomba.

Niliishusha ile chupa tukufu ya njano, nikatundika serumu ya chumvi isiyo na rangi, tayari kutia ndani yake dawa isiyo na rangi. Élisée akajitupa kati yangu na kitanda.

"Papa Jaune, unamutosha nguvu, unamuondolea? Weye mwenyewe ulituambiaka nyeupe ni maji. Ulisema njano njo nguvu."

Ni kweli, nilisema hivyo, mara nyingi, kwa sauti ya kufika mpaka uani. Hotuba yangu nzuri kuliko zote ilikuwa inanirudia kinywani mwa mtu mwingine. Watu wa kanisa walikuwa wameshafika mlangoni. Jamaa za vitanda vyote walisimama kutazama, na dokta akaniachia mzigo wangu.

Mfukoni nilikuwa na ampule moja ya njano. Tone moja tu ndani ya chupa ya B1, na kila mtu angeridhika: Élisée angevua kofia, Pétronille angepata dawa, Papa Jaune angeendelea kuishi. Wala isingemdhuru. Nataka mjue kwamba mkono wangu uliingia mfukoni, ukaishika.

Kisha nikamtazama Pétronille, ambaye alikuwa anamwambia mumewe kwa adabu kwamba anasimama kwenye samaki. Nikaiacha ampule mfukoni, nikasema.

"Élisée, ndugu yangu, ile njano nilikuwa nakuonyesha ni rangi tu. Dawa ya bibi yako niligawanyaka na bagonjwa bengine, siku kumi na moja. Kama akili yake inapotea, ni miye, haiko shetani. Hii nyeupe njo dawa. Ukimutosha hapa leo, hatakujua tena."

Halafu, kitanda baada ya kitanda, watu wakainua macho kutazama chupa zao. Mama wa kitanda cha tatu alifyonya, na nadhani palepale aliniondolea baraka za vizazi vyote vinne pamoja na zile nilizokuja nazo.

Élisée hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, na ningepumzika kidogo kama angenipiga. Aliketi sakafuni, akakunja kofia yake mara mbili, akawaambia watu wa kanisa wangoje mpaka kesho. Kesho mkewe asipomjua, alisema, atamchukua, na mtu asimzuie.

Tulimpa B1 mchana, tukarudia jioni, tukarudia usiku. Asubuhi macho yake yalikuwa yametulia. Élisée aliingia, akasimama mbali kama mgeni. Pétronille alimtazama muda, akamwita kwa jina, kisha akamkemea kwa kutembea mjini na shati lenye vifungo viwili vilivyokatika, kana kwamba hana mke. Élisée akalia waziwazi. Mimi nililia nyuma ya mashine ya oksijeni, ile iliyoharibika.

Laiti ningeweza kuishia hapo. Lakini kulikuwa na kitu hakijarudi. Pétronille aliwakumbuka watoto wake, kijiji chake, na kila gauni alilowahi kushona na mdomo wa kila mteja aliyelalamika. Ila jambo jipya halikukaa. Ulichomwambia jana, leo hakipo. Dokta alisema pengine itarudi, pengine haitarudi, na kwamba hakuna anayejua. Mshonaji asiyekumbuka asubuhi amempima nani atawalisha nini watoto watatu? Hilo swali nililala nalo na kuamka nalo, na halikuhitaji mtu wa kuliuliza.

Uongozi uliniandikia barua ya kutaka maelezo. Niliandika kurasa nne. Mke wangu, Martine, alizisoma mpaka mwisho, akaniuliza huyo mwanaume shujaa ni nani, angependa kukutana naye. Nikazichana, nikaandika nusu ukurasa. Waliniondoa kwenye dawa kwa miezi mitatu, wakaniweka kwenye uji na kuogesha wagonjwa. Uani nako hawakuchelewa kunibadilishia jina. Sasa mimi ni Papa Quart, yaani Baba Robo, na nakiri limenikaa vizuri.

Kwa kuwa nilikuwa wa uji, kila asubuhi niliingia kwa Pétronille, ambaye sasa aliruhusiwa kula kwa mdomo. Dokta aliagiza kwamba kila anayemkaribia ajitambulishe na kumweleza yaliyompata, ili akili ipate zoezi. Basi kila asubuhi aliniuliza kwa upole, "Weye ni nani, papa?" Nami nikamwambia: mimi ni Josaphat, muuguzi, niligawa dawa yako nikaandika uongo, ndiyo maana kichwa chako kimepata shida. Kila asubuhi ilikuwa habari mpya kwake. Alisikiliza akiwa ameshika mdomo, akafikiri, kisha akasema, "Haina neno, papa. Mungu iko." Akanywa uji.

Nilisamehewa hivyo siku kumi na nane. Siwatakii ninyi jambo hilo. Kusamehewa mara moja kunauma na kunaponya. Kusamehewa kila siku saa moja na nusu asubuhi, mtu anazoea. Siku ya kumi nilijikamata nikiisimulia vizuri, na vituo mahali pake, na sauti ikishuka kwenye neno uongo. Nilikuwa nimekwisha kupata dirisha jingine. Siku ile nilitoka nikiwa najichukia kweli, bila utani.

Asubuhi ya kumi na tisa niliingia na kikombe cha uji wa soya, nikamsalimia, nikavuta pumzi kuanza. Pétronille aliinua mkono kunizuia.

"Nakujua," alisema. "Weye njo Josaphat. Njo weye uligawanyaka dawa yangu."

Nikasema ndiyo, mama. Nikangoja. Niliweka hata kikombe chini ili nipokee msamaha wangu kwa mikono miwili. Alinitazama kwa muda mrefu, kwa macho yaliyotulia kabisa, na uso wake haukuwa wa upole.

"Siyakusamehe bado," alisema. "Niko nawaza mambo yako tangu jana."

Nilimwachia uji pale sakafuni. Nilikimbia korido nzima na kandambili zangu za plastiki, nikimwita dokta kwa jina mbele ya wagonjwa, na alipotoka mbio akidhani mtu amekata roho, nilimshika mikono yote miwili nikamwambia Pétronille amenikasirikia tangu jana.